Wifi Alipopanda Jukwaani na Maisha Yangu

Kwa wewe ambaye wiki jana gazeti lilikupita, usihangaike, nakupakulia kidogo ili twende pamoja.

Naitwa Kokulinda, mzaliwa wa Muleba. Hapa Mkuyuni natengeneza pochi, mikanda na viatu kwa ngozi ya sangara. Mume wangu Kashaija alishajiondokea zamani, sitamrudia huyo leo. Majirani wakanishtaki kwa mwenye nyumba kwamba mapipa yangu ya kulowekea ngozi yananuka, na mwenye nyumba, bila hata kunitazama usoni, akasema mwisho wa mwezi nitoke. Cherehani, mapipa, ngozi nilizoanika, sina pa kupeleka hata kimoja.

Niliishia pale nilipowasha redio nikasikia sauti ya Mzee Liaqat. Nikadhani Mungu amenikumbuka. Nilidhani tu.

Mzee Liaqat ana jengo mjini, jirani na soko kuu. Babu yake alikuwa fundi viatu humo humo. Fremu moja ya duka, ya chini, ilikuwa wazi, ina ua mpana nyuma na bomba lake la maji. Akatangaza kwamba ataitoa bure kwa mwaka mzima, kwa msanii au mjasiriamali mmoja wa Mwanza. Mmoja tu, na hakutaka maombi ya karatasi.

"Karatasi kila mtu anaandikiwa na mwanawe," alisema redioni. "Waje wasimame mbele za watu. Waeleze walianzaje, na maisha yamewafundisha nini. Mtu asiyeweza kuisimulia kazi yake, ataiuzaje?"

Nikapiga vigelegele peke yangu karakanani. Ua, maji, fremu ya mjini! Nini tena nilikuwa nakitaka duniani?

Tatizo lilikuwa mdomo wangu. Mikono ninayo, lakini Kiswahili changu kina Muleba ndani yake. Nikichangamka kidogo tu, herufi zinaanza kugombana, watu wanacheka kabla sijafika kwenye maana. Nikamwita wifi yangu.

Wifi yangu anaitwa Nice, mke wa kaka yangu Projest. Mtoto wa Nyegezi, kazaliwa hapa hapa mjini, ana maneno huyo! Ukimpa kokoto atakuuzia wewe mwenyewe, na utashukuru. Na msiseme ni mgeni kwangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kupara magamba. Mimi ndiye niliyekuwa nampa viatu akauze stendi ya Nyegezi, baada ya kaka kukwama.

Maana Projest alikuwa na mgahawa pale Kigongo, kwenye kivuko. Enzi za kivuko watu walikuwa wanasubiri, na mtu anayesubiri anakula. Daraja lilipofunguliwa, magari yakawa yanapita moja kwa moja. Kaka akabaki amekaa kwenye benchi lake na sufuria zake, anawapungia mkono madereva waliokuwa wateja wake.

Kwa hiyo kila jioni Nice alikuja karakanani. Tunapara magamba, mimi nasimulia maisha yangu, yeye ananisahihisha.

"Wifi, hapo usikimbie," ananiambia. "Hapo pa mama na sindano, nyamaza kidogo. Waache watu walie."

"Nitawaachaje walie wakati mimi mwenyewe nalia?"

"Basi lia! Ukilia ndiyo tumeshinda."

Alisema "tumeshinda". Nikamkumbatia na magamba yangu mikononi. Jamani, nilimpenda yule mwanamke.

Hata kwenda kuandikisha jina langu nilimtuma yeye.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, ukumbini kule Nyegezi. Mama yangu, Ma Felicitas, alikuwa ameshuka kwenye basi la Muleba jana yake. Alilala kwa Projest. Kwetu ndivyo ilivyo, mama akija mjini analala kwa mtoto wa kiume. Kulala kwa binti ni kama kwenda kuomba hifadhi kwa wakwe, hata kama wakwe wenyewe walishakutupa. Sikulijali hilo. Nilichotaka ni mama anisikie nikiyasema mbele za watu yale mema aliyonitendea.

Nilimkuta amekaa safu ya mbele katikati ya Projest na Nice. Kavaa kitenge chake cha Jumapili, rozari shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Koku."

Alijibu akitazama viatu vyake. Nikasema moyoni, safari imemchosha. Kumbe!

Akapanda wa kwanza, Masalu, mchoraji wa mabango. Mnamfahamu, yule ambaye nusu ya saluni za Mkuyuni zimeandikwa kwa mkono wake.

"Funzo langu ni moja," akasema. "Msanii, andika jina lako kwenye kazi kabla rangi haijakauka. Mimi nilichelewa kuandika, kesho yake nikakuta mwenzangu kaandika la kwake, na anapongezwa, na mimi nimo kwenye kundi la wanaompongeza!"

Ukumbi ukacheka. Nami nilicheka mpaka machozi, nikapiga makofi kuliko wote.

Wa pili alikuwa mwimba kwaya mmoja, sikumsikia vizuri kwa sababu nilikuwa narudia maneno yangu moyoni. Baada yake, kwa jinsi Nice alivyoniambia alipotoka kuniandikisha, ilikuwa zamu yangu. Nikasimama, nikarekebisha kilemba. Mshereheshaji, kijana mmoja mchangamfu anaitwa Shimba, akatazama simu yake.

"Na sasa tumkaribishe mama wa ngozi ya samaki!"

Nikapiga hatua.

"Dada yetu Nice!"

Nikadhani kakosea. Wallahi nilidhani kakosea, nikawa nainua mkono nimsahihishe. Lakini Nice alikuwa ameshapita mbele yangu. Kavaa viatu vyangu, kabeba pochi yangu, ile ya magamba madogo niliyoishona kwa ajili ya siku hiyo. Asubuhi aliniambia nimpe anishikie.

Akashika kipaza sauti, akanyamaza kidogo, kama alivyokuwa ananifundisha mimi.

"Mimi nilirudi Muleba nikiwa na mtoto mgongoni," akaanza. "Mume alikuwa amenitupa."

Jamani! Nikakaa.

"Nilipofika nyumbani, kaka yangu alinisubiri kwenye migomba. Akaniambia, binti aliyeolewa hana mgomba hapa. Rudi ulikotoka."

Na huyo kaka aliyenifukuza kwenye kibanja cha migomba cha baba yangu ni nani, wasomaji wangu? Si ndiye huyu huyu Projest, aliyekaa pale safu ya mbele anatikisa kichwa kwa huruma, utadhani anasikia habari za ng'ambo? Yale nilikuwa nimeshamsamehe. Nilimsamehe akiwa amekaa kwenye benchi lake Kigongo, nikampa mkewe kazi. Sasa mkewe anayasimulia kama yake, na yeye anapiga makofi!

Nice akaendelea.

"Nikaondoka kwa kupitia nyuma ya jiko. Mama akanifuata mbio. Akanipa buni za kutafuna njiani, kazifunga kwenye jani la mgomba. Akanipa na sindano ya kushonea mikeka. Akaniambia, mwanangu, ardhi sina, ardhi ni ya wanaume. Nina hii tu. Kashone chochote utakachokikuta huko."

Akanyamaza tena. Mama mmoja pembeni yangu akaanza kufuta macho kwa ncha ya khanga.

"Nilipofika Mwanza sikukuta kitu cha kushona. Nilikuta ngozi za samaki zimetupwa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki. Nikaziokota. Nikashona kwa sindano hii hapa."

Akaitoa kwenye pochi, akainyanyua juu.

Nikachomoa kibegi changu haraka, nikapekua. Sindano yangu ilikuwemo, imelala kwenye kitambaa chake. Nikapumua. Basi ile yake kainunua sokoni, mwongo mkubwa! Nikataka kuinuka nipige kelele, yule mama wa khanga akanivuta.

"Kaa, dada, unatuharibia. Huoni mwenzako anaeleza machungu yake?"

Machungu yake!

Nice alimaliza akiwa analia machozi ya kweli, sijui aliyatoa wapi. Watu wakasimama, makofi, vigelegele. Mzee Liaqat naye akasimama, kavua miwani, anaifuta.

"Binti," akasema kwa kipaza sauti chake, "huyo mama aliyekupa sindano, yupo hai?"

"Yupo hai, Mzee. Tena yupo hapa hapa ukumbini."

"Yuko hapa? Apande, apande tumwone!"

Hapo, wasomaji wangu, nilicheka. Nilicheka kwa sauti. Nikasema moyoni, wifi, umejichongea mwenyewe. Umeiba maisha yangu sawa, lakini mama huwezi kuiba. Huyu kanizaa kwa uchungu, akanibeba, akanifuata nyuma ya jiko huku Projest anamkemea. Apande tu, aseme neno moja, leo utashuka jukwaani kwa kukimbia na viatu vyangu utaviacha.

Projest akamshika mama mkono, akampandisha ngazi. Mama alikuwa anatembea polepole. Shimba akamkabidhi kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili, hajazoea.

"Karibu sana, mama," akasema Mzee Liaqat. "Huyu ni binti yako?"

Mama akainua macho akanitafuta. Akaniona. Nikamtikisia kichwa, nikimwambia sema, mama, sema tu.

"Ni mwanangu," akajibu.

Sawa, nikasema, kwetu mkwe naye anaitwa mwanangu. Bado.

"Ndiye huyu aliyerudi kwako na mtoto mgongoni, ukampa sindano?"

Rozari ilikuwa inacheza kifuani kwake.

"Ndiye."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna mwingine, mzee wangu. Ni huyu."

Sikulia. Watu wananiuliza hadi leo, Koku, ulilia? Sikulia. Nilisikia baridi, baridi tupu, kuanzia kwenye kisogo hadi miguuni. Kashaija alipoondoka niliumia, nikajua ni mwanaume, wanaume huondoka. Projest aliponifukuza niliumia, nikajua ni ardhi, ardhi huwatoa watu akili. Lakini mama? Nimseme vipi mama?

Nikamngoja chini ya ngazi. Aliposhuka, nikamvuta nyuma ya pazia kabla Projest hajanizuia.

"Mama, umefanya nini?"

"Waitu, Koku, usinipigie kelele. Watu wanasikia."

"Wasikie! Umenikana mbele zao, sasa unaogopa wasikie nini?"

Akanishika mkono.

"Nisikilize, mwanangu. Kaka yako hana kitu. Tangu daraja lifunguliwe anashinda amelala. Watoto wake ndio wenye jina la baba yako, ndio watakaonizika. Wewe ni mwanamke, una mikono, una kichwa. Wewe kokote utakapotupwa utaota."

"Kwa hiyo nitupwe?"

"Wewe ukipata fremu, kesho utaolewa tena, itakwenda kwa watu wengine. Nice akiipata, inabaki nyumbani."

"Nyumbani kwa nani, mama? Mimi nyumbani kwangu ni wapi?"

Akaanza kurekebisha kitenge chake.

"Na ile sindano?"

"Nilikuja nayo mimi. Nilikuwa nazo mbili."

Basi hapo ndipo nilipojua. Hawakukurupuka. Walikaa, wakapanga, wakapigiana simu Nyegezi na Muleba, wakati mimi huku nafundishwa wapi pa kulia. Mama alipanda basi akiwa na ile sindano kwenye mkoba, akijua anakuja kuifanyia nini. Na mimi ndiye niliyemtumia nauli, nikamwambia kaa mbele mama, unisikie vizuri.

"Na sasa wa mwisho wetu!" sauti ya Shimba ikaita. "Kokulinda! Yuko wapi Kokulinda?"

Mama akauachia mkono wangu.

"Usipande, Koku," akanong'ona. "Nakuomba. Nenda nyumbani, tutaongea kifamilia."

Nikapanda.

Najua wengine mtaniuliza nilipanda kufanya nini, hali mambo yameshaharibika. Jibu sina. Nilijua tu kwamba nikitoka kwa mlango wa nyuma leo, nitakuwa nimefukuzwa mara ya pili, na safari hii bila hata buni za kutafuna.

Nikashika kipaza sauti. Maneno mengine sikuwa nayo. Nilikuwa na yale yale niliyoyafanyia mazoezi.

"Mimi nilirudi Muleba," nikasema, "nikiwa na mtoto mgongoni..."

Minong'ono ikaanza.

"Kaka yangu akanisubiri kwenye migomba..."

"Aa, huyu vipi?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Si ndiyo ile ile?"

"Kanakili! Hata aibu hana!"

Kicheko kikazunguka ukumbi mzima. Yule mama wa khanga, aliyekuwa analia muda si mrefu kwa machungu yangu, akasonya mpaka nikamsikia jukwaani. Nice alikuwa amekaa mikono mapajani, ananitazama kwa huruma. Ndiyo, huruma! Utadhani mimi ndiye mwizi, na yeye kashanisamehe.

Mzee Liaqat akainua mkono, wakanyamaza. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Binti," akasema taratibu, "hiyo tumeshaisikia kwa mwenzako, na mama yake kasimama hapa kashuhudia. Wewe unayo ya kwako?"

Nikamtazama mama pale chini. Alikuwa ameshakaa katikati ya mwanawe na mkwewe, kajifunika kitenge hadi shingoni.

"Ninayo, Mzee," nikasema. "Tena ni fupi. Naitwa Kokulinda. Mimi ni yatima. Mama yangu nilikuwa naye mpaka leo mchana. Amenifia humu humu ukumbini, mbele ya macho yenu, na ninyi mkapiga makofi."

Kikaanguka kiti.

Mama alikuwa amesimama. Projest kamshika kitenge, mama kamkung'uta kama anakung'uta vumbi. Sijawahi kumwona mama yangu vile. Uso umebadilika, midomo inacheza.

"Koku!" akaita. Hakuwa na kipaza sauti wala hakukihitaji. "Unanizika nikiwa hai? Mimi? Mimi niliyekunyonyesha?"

Na akaingiza mkono ndani ya blauzi, akashika ziwa lake.

Wale wa kwetu waliokuwemo ukumbini wakaguna. Mwanamke mmoja akaziba macho. Kwetu mama akishika ziwa mbele za watu, hachezi. Akilitoa nje akatamka neno, neno hilo linakwenda na wewe mpaka kaburini, na mtoto wako pia, na padri wala mganga hawezi kukuondolea.

"Lirudishe neno lako," mama akasema, machozi yanamtiririka. "Lirudishe, Koku. Au mimi natoa la kwangu."

"Mama, hapana!" Projest akapiga kelele. "Mama, kaa! Unatuharibia!"

Lakini ilikuwa imeshaharibika. Nilimwona Mzee Liaqat akigeuka taratibu. Akamtazama mama, mkono kifuani. Akamtazama Nice, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile maneno yalikuwa yamemwishia. Kisha akanitazama mimi. Si Mhaya yule mzee, lakini kaishi na sisi maisha yake yote, na hata mtoto mdogo anajua kwamba mwanamke hawezi kumlaani kwa ziwa lake mtoto ambaye hakulinyonya.

Nilichotakiwa ni kunyamaza. Nikinyamaza, mama angetoa ziwa, na ukumbi mzima ungejua ni nani aliyemnyonyesha nani. Fremu ni yangu. Ua ni wangu, maji ni yangu, maisha yangu yamenirudia. Na laana ya mama yangu juu ya kichwa changu, na juu ya kichwa cha mwanangu.

Nikilirudisha neno, nikasema samahani mama wa watu, nilikosea, mkono ungeshuka. Angekaa. Nice angekwenda mjini na funguo.

Mzee Liaqat akasogea hadi mbele yangu. Akauchukua mkono wangu uliokuwa umeshika kipaza sauti, akaunyanyua hadi mdomoni kwangu.

"Binti," akaniuliza, "huyu mama ni nani kwako?"

Mama alikuwa bado hajautoa mkono kifuani. Ananitazama, nami namtazama, na ukumbi mzima unanisubiri mimi.